Kinga dhidi ya saratani haiuzwi kwenye chupa

Msafiri yeyote aliyewahi kuabiri basi katika kituo cha Machakos jijini Nairobi anamfahamu mtu huyu. Kabla ya gari kuondoka, huingia na mkoba uliojaa chupa, akawaamkua abiria, akawaombea safari njema, kisha akaanza kuinadi dawa yake. Zamani dawa hiyo ilitibu minyoo, maumivu ya mgongo na upungufu wa nguvu za kiume. Siku hizi inatibu saratani pia. Ukimwuliza inafanyaje kazi, jibu lake ni moja tu: "Inaongeza kinga ya mwili."

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, aliliamini neno hilo. Alipohisi uvimbe kwenye titi, alinunua chupa hizo kwa muda wa miezi minane, akiwa na hakika kwamba kinga yake inapanda na kwamba uvimbe utayeyuka wenyewe. Alipofika hospitalini, saratani ilikuwa imekwisha kuingia kwenye tezi za kwapa. Bado anaendelea na matibabu na tunamwombea. Hata hivyo, daktari alimweleza waziwazi kwamba lau angekuja mapema, matibabu yake yangekuwa mafupi na gharama yake ndogo zaidi.

Siandiki haya ili nimlaumu mama huyu. Lawama ni yetu sisi tuliosoma, ambao tumewaachia wachuuzi neno "kinga" walitumie wapendavyo. Jambo linalowafanya wasikilizwe ni kwamba wameshika ukweli nusu. Ni kweli kwamba mwili una kinga inayoweza kupambana na saratani. Ni kweli pia kwamba madaktari leo wanazitibu baadhi ya saratani kwa kuitumia kinga hiyo hiyo. Lakini shida ya kinga mbele ya saratani, mara nyingi, si uchache wa askari. Shida ni kumtambua adui. Mwananchi akilielewa jambo hili moja, itakuwa vigumu kumwuzia chupa.

Shule ya thaimasi

Miongoni mwa chembe nyeupe za damu zimo seli ziitwazo seli T. Herufi hiyo imetokana na jina la thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Kwa miaka mingi madaktari walidhani tezi hiyo haina kazi ya maana. Mwaka wa 1961 mtafiti Jacques Miller, aliyekuwa akifanya kazi mjini London, aliwaondolea panya wachanga tezi hiyo. Panya hao walidhoofika na kushindwa kujikinga na maradhi, na hata walipopandikizwa ngozi ya panya wa aina nyingine, miili yao haikuikataa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba thaimasi ni shule ya askari wa mwili.

Seli hizi huanzia kwenye uboho wa mifupa, kisha huhamia thaimasi kufunzwa. Kila moja hubeba juu yake vipokezi vya umbo lake, na umbo hilo hupatikana kwa kuchanganya vipande vya jeni bila mpango, jinsi mtu anavyochanganya karata. Ndiyo sababu kila mmoja wetu ana mamilioni ya seli T zisizofanana. Hazikutengenezwa kwa ajili ya adui fulani anayejulikana. Zimetengenezwa nyingi na za kila namna ili adui yeyote atakayekuja asikose wa kumtambua.

Mchanganyiko huo una hatari yake, kwani baadhi ya vipokezi huweza kuushika mwili wenyewe. Kwa hivyo thaimasi huzitahini seli zake. Isiyoweza kushika chochote hufa. Inayoushika mwili kwa nguvu mno nayo huuawa, au hufanywa kuwa miongoni mwa zile zinazotuliza nyingine. Kati ya kila seli 100 zinazoingia, zinazohitimu hazizidi 5. Ukali wa mtihani huo una faida kubwa, kwa maana askari akikosea na kuushambulia mwili ndipo tunapoona maradhi kama kisukari cha aina ya kwanza.

Sinia dirishani

Swali linalofuata ni hili: askari huyo huonaje mambo yaliyo ndani ya seli nyingine?

Kila seli ya mwili hutengeneza protini usiku na mchana. Protini zilizochakaa au zilizoharibika hukatwakatwa kuwa vipande vidogo, vingi vyao vikiwa na asidi amino 8 hadi 10 tu. Vipande hivyo hupandishwa juu ya utando wa seli vikiwa vimebebwa na molekuli ziitwazo HLA. Hebu fikiria mtaa ambapo kila nyumba imelazimishwa kuweka dirishani sinia yenye kionjo cha chakula kinachopikwa jikoni. Askari wa doria hana haja ya kuvunja mlango wa mtu. Yeye hupita akizitazama sinia. Akiona ugali na sukuma wiki, chakula alichokizoea, huendelea na safari yake. Akiona kitu asichokijua, husimama.

Wanasayansi wawili, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliokuwa wakifanya kazi mjini Canberra, Australia, walionyesha mwaka wa 1974 kwamba seli T haikitambui kipande peke yake wala sinia peke yake. Sharti ivione vyote viwili kwa pamoja, na sinia iwe ni ya mwili ule ule. Kwa uvumbuzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1996. Sinia hizi hutofautiana baina ya mtu na mtu, na hii ndiyo sababu mojawapo ya madaktari kuanza na ndugu wa mgonjwa wanapotafuta mtu wa kumpa figo.

Kikulacho

Kwa ugonjwa unaoletwa na virusi kazi ya askari si ngumu sana, kwa kuwa protini za virusi ni ngeni kabisa. Saratani ni taabu nyingine. Seli zake si wageni waliovuka mpaka. Ni zetu wenyewe, zenye sinia zile zile na chakula karibu kile kile. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo, seli ya saratani haiwezi kuficha kila kitu. Imefika hapo kwa kuwa jeni zake zimeharibika: nyingine kwa moshi wa sigara, nyingine kwa jua kali, nyingine kwa virusi, na nyingine kwa makosa tu ya kunakili wakati seli inapogawanyika. Jeni iliyoharibika huweza kutoa protini iliyobadilika, wakati mwingine kwa asidi amino moja tu. Kipande chenye kosa hilo kikifika kwenye sinia, seli T yaweza kukiona kuwa kigeni kwa sababu hakikuwako siku ilipotahiniwa kwenye thaimasi. Kuna pia protini ambazo seli nyingi za mtu mzima haziruhusiwi kuzitengeneza, lakini saratani huzifufua. Mwaka wa 1991 Thierry Boon na wenzake mjini Brussels, Ubelgiji, walitangaza jeni ya kwanza ya aina hii katika saratani ya binadamu, wakaiita MAGE. Waliigundua kwa kuchunguza seli T za mgonjwa wa melanoma, saratani kali ya ngozi. Tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwamba kinga haiwezi kuiona saratani.

Kutambua nako kuna utaratibu wake. Seli T ambayo haijawahi kupigana haianzi vita kwa kuona kipande kimoja tu. Kwanza hupewa habari na seli nyingine, zenye matawi matawi, ambazo huokota mabaki kwenye uvimbe na kuyapeleka hadi kwenye tezi za limfu. Huko seli T huonyeshwa kipande na kupewa ishara ya pili kwamba kweli pana hatari. Bila ishara hiyo ya pili, huweza kunyamaza kabisa. Ikiipata, huzaana kwa maelfu, husafiri katika damu, na ikiikuta seli ya saratani hushikamana nayo, huutoboa utando wake na kupenyeza vimeng'enya vinavyoilazimisha ijiue. Kisha hujibandua na kumtafuta mwingine.

Hila za adui

Iwapo mambo ni hayo, kwa nini basi watu wanaugua na kufa? Kwa makadirio ya kimataifa, mwaka wa 2022 Wakenya kama 44,000 walipatikana na saratani na wengine kama 29,000 wakafa kwayo.

Jibu ni kwamba uvimbe tunaouona ni mabaki ya seli zilizofaulu kujificha. Zile zilizotambuliwa mapema huenda zilikwisha kuuawa bila sisi kujua. Zilizobaki zimejifunza hila. Baadhi huacha kuweka sinia dirishani. Nyingine huacha kutengeneza ile protini iliyozifichua. Nyingine huziita seli T za kutuliza, zije ziwazuie wenzao. Na nyingi huzikanyagia seli T breki.

Breki hizi ni za kawaida mwilini, kwani bila hizo vita visingekoma hata baada ya adui kufa. Moja, iitwayo PD-1, ilitangazwa mwaka wa 1992 na Tasuku Honjo na wenzake nchini Japani. Nyingine ni CTLA-4, ambayo James Allison wa Marekani alionyesha katika panya mwaka wa 1996 kwamba ikizuiwa, seli T huushambulia uvimbe. Kutokana na kazi hizo zilipatikana dawa: Yervoy iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2011, kisha Keytruda na Opdivo mwaka wa 2014. Honjo na Allison walituzwa Nobel mwaka wa 2018. Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alitangaza mwaka wa 2015 kwamba alikuwa na melanoma iliyofika kwenye ini na ubongo. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa miale na kupewa Keytruda. Aliishi hadi Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 100.

Msomaji aangalie vizuri kazi ya dawa hizo. Haziongezi kinga kama maji yanavyoongezwa kwenye ndoo. Kazi yake ni kuachilia breki. Kwa hivyo mgonjwa ambaye seli zake T hazikuwa zimetambua lolote kwenye uvimbe hapati faida, na wagonjwa wa aina hiyo ni wengi. Aidha, kuachilia breki kuna madhara yake. Baadhi ya wagonjwa huvimba utumbo, ini, mapafu au tezi ya shingoni, kwa sababu askari waliofunguliwa huanza kuupiga mwili. Ndiyo maana dawa hizi hutolewa hospitalini chini ya uangalizi wa madaktari.

Sasa tumrudie mchuuzi wetu wa basi. Kama kweli chupa yake ingekuwa inapandisha kinga yote ya mwili kama anavyodai, ingekuwa sumu, na abiria wangeshuka wakiwa wagonjwa. Kwa kuwa hawaugui, nadhani tunaweza kuamua wenyewe kama kuna chochote ndani yake.

Somo la Kisumu na Nandi

Kuna wakati kinga hupungua kweli, na hapo saratani hupata nafasi. Virusi vya Ukimwi huziua seli T za kundi liitwalo CD4, ambazo ndizo husaidia kuwaongoza askari wengine. Saratani ya Kaposi ilikuwa miongoni mwa dalili zilizowafanya madaktari wautambue Ukimwi mapema katika miaka ya 1980. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwanamke anayeishi na virusi hivyo ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya lango la uzazi kuliko asiye navyo. Dawa za kurudisha seli hizo zipo. Ni ARV, na hutolewa bure katika hospitali za umma. Mgonjwa anayeziacha ili anywe chupa ya "kuongeza kinga" anaitupa kinga yenyewe.

Mfano mwingine uko kwetu, kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza juu ya uvimbe wa mataya uliokuwa ukiwapata watoto. Mwaka wa 1964 virusi vya Epstein-Barr vilionekana ndani ya seli za uvimbe huo. Lakini virusi hivyo humwingia karibu kila binadamu duniani. Kwa nini viwadhuru zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 uliwalinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria iko mwaka mzima, na wa Nandi, ambako ni haba. Iligunduliwa kwamba miongoni mwa watoto wa Kisumu wa umri wa miaka mitano hadi tisa, seli T zilikuwa dhaifu katika kuvijibu virusi hivyo. Kwa maoni yangu, chandarua cha mbu kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyolinda kinga ya mtoto, kuliko unga wowote unaouzwa mitaani.

Vivyo hivyo chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa rasmi humu nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Wanawake wengi wanaoambukizwa virusi vya HPV huviondoa wenyewe kwa kinga yao. Wale ambao virusi huwakalia miaka mingi ndio walio hatarini. Chanjo huvizuia virusi kabla havijaingia, na ndiyo sababu hupewa msichana kabla hajaanza kujamiiana. Inasikitisha kwamba wapo wazazi waliowaficha binti zao kwa uvumi kwamba chanjo hiyo huharibu uzazi. Uvumi huo hauna msingi.

Tufanye nini?

Sitaki nieleweke vibaya. Sipingi miti shamba. Dawa iitwayo vinkristini, inayotumiwa hadi leo kuwatibu watoto wenye uvimbe wa Burkitt, inatokana na ua la vinka, lile la waridi au jeupe linalopandwa katika bustani nyingi za mijini. Tofauti ni kwamba ilitolewa ndani ya mmea, ikapimwa, ikajulikana kipimo chake na madhara yake. Mwenye chupa naye akubali dawa yake ipimwe hivyo. Na wala sipingi chakula bora wala usingizi wa kutosha. Ni mambo mema kwa mwili wote, lakini hayamfundishi askari kuitambua seli iliyojificha.

Kwa upande wa serikali, naona mambo mawili ya lazima. La kwanza ni kuwazuia wanaodai hadharani kwamba wanatibu saratani bila ushahidi, iwe kwenye basi, redioni au kwenye simu. La pili ni bei na vipimo. Shirika la Afya Duniani liliziweka Keytruda na Opdivo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2019 kwa ajili ya melanoma, na mwaka wa 2025 likaongeza matumizi ya Keytruda kwa saratani nyingine, ikiwamo ya lango la uzazi iliyosambaa. Hiyo si saratani ya wazungu peke yao. Ni ya mama zetu. Lakini dozi moja ya wiki tatu nchini Marekani hutajwa kwa bei ya zaidi ya dola 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja.

Kuna watakaosema kwamba nchi ambayo wanawake wengi hawajapimwa lango la uzazi hata mara moja haina haki ya kuzungumzia dawa za bei hiyo. Hoja hiyo ina uzito, na mimi ningeanza na upimaji, chanjo na ARV, kwa kuwa huokoa wengi kwa pesa kidogo. Hata hivyo, tukumbuke kwamba ARV nazo zilikuwa ghali kupindukia, tukaambiwa si za Waafrika. Bei ilishuka kwa sababu watu walisema, serikali zikabishana na makampuni, na dawa za kuigwa zikaruhusiwa. Aliyenyamaza hakupunguziwa kitu. Na kabla dawa hazijafika, maabara zetu ziwe tayari kukipima kipande cha uvimbe na kujua ni mgonjwa gani seli zake T zina matumaini ya kuuona, ili tusije tukatupa mamilioni kwa wasioweza kufaidika.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Uvimbe mpya kwenye titi, damu isiyo ya kawaida ukeni, kidonda kisichopona, kikohozi cha wiki nyingi: haya si mambo ya kungojea kinga ipande. Uvimbe mdogo mpasuaji huweza kuutoa wote. Mkubwa umekwisha kupata muda wa kujifunza hila nilizozitaja hapo juu, na kila mwezi unaopita huuongezea nyingine.

Siku mchuuzi atakapoingia tena katika basi lako na mkoba wake, mwamkue kwa heshima, kisha mwulize swali moja: dawa yako itazisaidia vipi seli zangu kuitambua saratani? Asipokuwa na jibu, rudisha pesa zako mfukoni. Zitakutosha nauli ya kwenda kliniki.